Matope ya Majira ya Baridi: Matatizo ya Mbwa Baada ya Matembezi ya Mashambani, Sababu Zake na Hatua za Kuchukua

Sehemu ya chini ya Weald, katika Sussex kusini mwa Uingereza, ina udongo wa mfinyanzi mzito usiopitisha maji, na kuanzia Novemba hadi Machi vijia vyake vya mashambani hugeuka kuwa tope linalofika kifundoni na, karibu na malango ya mashamba, hata katikati ya muundi. Lahaja ya zamani ya huko ina maneno mengi ya tope. Gubber ni tope jeusi lenye vitu vilivyooza, na stoach ni kuikanyaga ardhi mpaka ivurugike, kama wafanyavyo ng'ombe langoni. Mtu anayetembea na mbwa hunufaika akizijua tofauti hizo, kwa sababu tope la langoni huteguza viungo na tope jeusi la mitaroni hubeba vijidudu, ilhali mbwa hupita kote kote bila kuchagua.

Nimetembea katika eneo hilo na mbwa kwa majira sita ya baridi, na malalamiko ninayoyasikia kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza, wawe wanafuga mbwa wao au wanatembeza mbwa wa watu kwa malipo, ni yale yale kila mwaka. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu ya kawaida imetangulia na ile ya nadra imekuja mwisho, na nimesema mahali ambapo mtu anapaswa kuacha kujaribu mwenyewe na kumpigia simu daktari wa wanyama.

Kabla ya kutafuta sababu yoyote: mwoshe

Tope huficha. Chini yake kunaweza kuwa na mwiba, mkato, kupe au wekundu wa ngozi, na mtu anayemfuta mbwa wake juu juu kwa taulo na kumwacha alale huyagundua hayo kesho yake, wakati mguu umekwisha kuvimba. Wengi wetu tulikua tukimjua mbwa wa kulinda geti, anayefunguliwa usiku na kufungiwa alfajiri, na hatukuwahi kumwona mtu akimkagua nyayo. Kwa hiyo desturi hii inabidi tujifunze ukubwani, nami naiona kuwa muhimu kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani.

Andaa ndoo ya maji ya uvuguvugu, taulo mbili, tochi, kibano na kipimajoto, na uviweke karibu na mlango wa nyuma kabla hujatoka. Ukirudi, osha miguu yote minne, tumbo na kifua kwa maji matupu, kisha tenganisha vidole kimoja kimoja na ukaushe katikati yake. Sabuni haihitajiki kila siku, kwa sababu huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Katika nyumba yenye watu wanaosali, ni vyema mbwa atengewe mahali pake pa kuoshewa nje, pamoja na ndoo na taulo zake zisizochanganywa na za familia, ili kazi hii isigeuke mzozo wa kila jioni na hatimaye ikaachwa.

Dalili ya kwanza: anachechemea

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kitu kilichonasa katikati ya vidole: donge la mfinyanzi lililokauka, kijiwe au barafu iliyoganda kwenye manyoya. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano, usilivute donge kwa nguvu, kisha mwache atembee sakafuni. Akitembea sawasawa, tatizo limekwisha, na unaweza kupunguza kwa mkasi butu manyoya yanayochomoza kati ya vidole ili lisijirudie.

Inayofuata ni mwiba. Sheria za Uingereza kwa jumla huwazuia wakulima kukata nyua za vichaka kuanzia Machi mosi hadi mwisho wa Agosti ili kulinda viota vya ndege, kwa hiyo ukataji mwingi hufanyika katika miezi ya baridi, na vipande vyenye miiba mirefu huangukia kwenye kijia na kuzama topeni. Mulika unyayo kwa tochi na ubonyeze taratibu kila sehemu. Pale anapovuta mguu ndipo pa kutazamwa. Mwiba unaochomoza uvute kwa kibano kwa kufuata mwelekeo ulioingilia, kisha uoshe kwa maji yenye chumvi kidogo. Mwiba uliozama usiuchimbe kwa sindano. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, ncha ikakatikia ndani, na siku tatu baadaye kidole kilikuwa kimevimba kiasi cha kuhitaji kupasuliwa chini ya dawa ya usingizi. Mwiba uliochoma karibu na kiungo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama tundu lake ni dogo, kwa sababu huweza kuleta maambukizi ndani ya kiungo.

Ya tatu ni mkato wa unyayo au ukucha uliopasuka, hasa ule ukucha wa upande wa ndani usiogusa ardhi, ambao hunasa kwa urahisi kwenye seng'enge na mizizi. Damu huwa nyingi na hutisha kuliko jeraha lenyewe. Bana kwa kitambaa safi kwa dakika kumi kamili bila kufungua kuchungulia. Damu ikikoma na mkato ukiwa wa juu juu, osha, funga bandeji isiyobana, na uibadilishe kila inapolowa, kwani bandeji yenye unyevu hudhuru zaidi ya kukosa bandeji. Damu isiyokoma, jeraha lililoachama au ukucha unaoning'inia ni kazi ya daktari.

Kama mguu ni safi na hauna jeraha, fikiria msuli uliovutika au kiungo kilichoteguka wakati wa kuteleza. Mpumzishe siku mbili, matembezi yawe mafupi na kwenye kamba, asiruke juu ya viti wala kupanda ngazi. Akiwa anagusisha ncha za vidole vya mguu wa nyuma bila kuuwekea uzito, inawezekana kano ya goti imekatika, na hilo haliponi kwa kupumzika peke yake. Mpigie simu daktari mbwa asipokanyaga kabisa, mguu ukionekana umepinda, au kuchechemea kukizidi siku mbili. Na kwa hali yoyote usimpe dawa ya maumivu ya binadamu: ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli kwa kipimo cha kubahatisha huweza kumuua.

Dalili ya pili: anasimama ghafla na kugoma kuendelea

Mara nyingi ni donge lile lile la vidoleni, kwa hiyo kagua nyayo kwanza. Kama njia imepita barabarani, inaweza kuwa chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, ambayo huchoma nyayo zilizochubuka. Mmwagie maji ya kunywa uliyobeba na umzuie asijilambe, kwani chumvi nyingi tumboni ni sumu. Sababu nyingine watu husahau kuifikiria: uzio wa umeme. Mbwa aliyepigwa na uzio hulia mara moja, kisha hukataa kukaribia mahali hapo kwa wiki kadhaa. Hana ugonjwa, anahitaji njia nyingine na subira. Mbwa mzee, au mwenye moyo mgonjwa, anayesimama akihema huku fizi zake zimepauka, asilazimishwe. Mbebe, au mwite mtu aje na gari mpaka lango lililo karibu.

Dalili ya tatu: anatetemeka

Kutetemeka kidogo baada ya kulowa ni kazi ya kawaida ya mwili kujipasha joto. Mkaushe kwa taulo mpaka ngozi, si manyoya ya juu pekee, mfunike, na umweke katika chumba chenye joto. Mbwa wadogo, wembamba, wenye manyoya mafupi, wazee na watoto hupoa upesi zaidi, na tumbo lililopakwa tope la mfinyanzi hupoza mwili muda wote linapobaki na majimaji. Ndiyo sababu koti la mbwa linalofunika mgongo tu halimsaidii sana anayetembea ndani ya tope. Tafuta linalofunika kifua na tumbo.

Asipotulia ndani ya nusu saa, pima joto kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, kupitia njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Likiwa chini ya 37, piga simu kliniki mara moja na uendelee kumpasha joto taratibu kwa mablanketi na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimwelekezee kikausha nywele chenye moto mkali, kwa kuwa ngozi iliyopoa huungua bila yeye kuonyesha maumivu. Ishara inayopotosha wengi ni hii: mbwa aliyekuwa akitetemeka sana akiacha kutetemeka huku amelegea, anayumba au haitiki jina lake, hajapata nafuu bali amezidiwa. Hapo hakuna tiba ya nyumbani.

Kutetemeka pamoja na joto la juu, yaani zaidi ya 39.5, kunaashiria homa au maumivu, na sababu yake haitakuwa baridi.

Dalili ya nne: mkia umening'inia kama kamba

Dalili hii huwashtua watu, ingawa kwa kawaida huisha yenyewe. Mbwa, hasa wa aina ya Labrador, anayeogelea katika maji baridi au kutumikishwa kuliko alivyozoea, huamka kesho yake mkia ukiwa umenyooka vidole vichache kutoka shinani kisha umeanguka, na hataki uguswe. Misuli ya mkia imeumia. Mpumzishe, mwekee malazi yenye joto, na baada ya siku kadhaa, au wiki mbili kwa wale wazito kupona, mkia hurudi. Daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu inayomfaa. Lakini kama mkia umepondwa na lango au mlango wa gari, kama umevimba mahali pamoja, au kama miguu ya nyuma nayo imelegea au anajikojolea, muone daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mfupa wa mkia au uti wa mgongo umeumia.

Dalili ya tano: kidonda au wekundu mguuni usiojulikana ulikotoka

Hapa naomba msomaji asisome haraka. Wekundu mwingi wa majira ya baridi hutokana na unyevu: ngozi kati ya vidole hulowa kwa saa nyingi, mbwa huilamba, nayo huchubuka. Osha, kausha kabisa, mzuie kulamba, na ndani ya siku mbili au tatu utaona nafuu. Mikwaruzo ya miiba na seng'enge huja ya pili, na kuumwa na kupe ni ya tatu. Kupe wa Uingereza huwa wengi zaidi kuanzia masika ya huko hadi vuli, lakini siku za baridi zenye joto kidogo pia hutoka. Mtoe kwa kifaa chenye mfano wa ndoano kwa kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto, kwani atatapika mate yake ndani ya ngozi.

Sababu ya nadra kabisa, lakini ya kutisha kuliko zote, huitwa Alabama rot. Ilitambuliwa kwanza kwa mbwa wa mbio huko Alabama, Marekani, katika miaka ya 1980, na nchini Uingereza imekuwa ikiripotiwa tangu mwaka 2012, visa vya mwanzo vikiwa vingi katika eneo la New Forest. Mishipa midogo ya damu ya ngozi na ya figo huharibika. Mara nyingi kidonda huanza chini ya goti au kiwiko, wakati mwingine usoni, mdomoni au chini ya tumbo, kikionekana kama doa jekundu, uvimbe au donda la duara, na figo zinaweza kushindwa siku chache baadaye. Wengi wa mbwa ambao figo zao zimefikia hapo hufa. Chanzo chake hakijajulikana, chanjo haipo, na visa hutokea zaidi kati ya Novemba na Mei, hasa kwa mbwa waliotembea katika misitu yenye tope. Kuosha tope hakujathibitishwa kuwa kinga, lakini hukuwezesha kukiona kidonda mapema, na mapema ndiyo nafasi pekee aliyo nayo daktari.

Visa vilivyothibitishwa kwa nchi nzima katika miaka yote hiyo ni mia chache tu, kwa hiyo hakuna haja ya kumfungia mbwa ndani. Haja ni ya kufuata utaratibu. Kidonda ambacho huna maelezo yake kipige picha na umpigie simu daktari siku hiyo, ukimweleza ulitembea wapi. Usikipake dawa yoyote kabla hajakiona, kwani mbwa atailamba na sura ya kidonda itabadilika. Kidonda pamoja na kutapika, kukataa chakula au kulegea ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Dalili ya sita: anatapika au kuharisha

Kwa kawaida amekula kitu. Majira ya uwindaji wa ndege kwa bunduki huendelea hadi Februari mosi, na vichakani hubaki ndege waliokufa na mifupa yao. Kuna pia samadi ya farasi, mabaki ya chakula cha mifugo na maji ya madimbwi. Mbwa mzima mwenye uchangamfu aliyetapika mara moja au mbili anaweza kunyimwa chakula kwa saa chache, apewe maji kidogo kidogo, kisha wali na kuku wa kuchemsha usio na viungo. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, njia ambayo bado inasimuliwa na ambayo imeua mbwa. Piga simu ukiona damu, akitapika tena na tena, akiendelea zaidi ya siku moja, au akiwa ni mtoto wa mbwa.

Sababu za nadra zaidi ndizo zinazoua, nazo ni tatu za kukumbuka. Ya kwanza ni leptospirosisi, ambayo wasomaji wa Tanzania watakumbuka ilitangazwa mkoani Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji yaliyotuama na tope lenye maji, na huingia kupitia mikwaruzo na utando wa mdomo na macho. Mbwa hupata homa, hutapika, macho na fizi huweza kuwa za manjano, na mkojo hubadilika. Chanjo ipo na hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo angalia kadi ya mbwa kabla ya Oktoba kumalizika. Binadamu naye huambukizwa: vaa glavu unapomwosha mbwa anayeumwa, na ukipata homa wiki hizo, mweleze daktari wako kwamba unashughulika na mbwa na matope.

Ya pili ni dawa ya kuzuia maji ya gari kuganda, yenye ladha tamu, ambayo humwagika katika maegesho ya mwanzo wa njia. Mbwa huyumba kama mlevi, huonekana kupata nafuu, kisha figo hufa. Tiba hufaa ikianza ndani ya saa chache, kwa hiyo ukimwona akiilamba usingoje dalili. Ya tatu ni tumbo kujipinda, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu: tumbo hujaa kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Nenda kliniki mara moja huku mwenzako akipiga simu kuwaarifu, kwa kuwa bila upasuaji hatapona.

Dalili ya saba: harufu na kujikuna

Harufu inayobaki baada ya kuosha kwa kawaida hutoka kwenye manyoya ambayo hayakukauka hadi ngozini, au masikioni. Kausha sehemu ya nje ya sikio kwa pamba na usiingize kijiti ndani. Ngozi inayopukutika ni ya mbwa anayeoshwa kwa shampuu kila siku. Rudi kwenye maji matupu. Sikio jekundu, lenye uchafu wa kahawia, au kichwa kinachoinama upande mmoja, vinahitaji daktari.

Tatizo likiwa njiani kwenyewe

Ng'ombe wengi hufungiwa mabandani majira haya, kwa sababu malisho yaliyolowa huharibika kwa kwato zao, lakini kondoo hubaki nje, na majike wengi huwa na mimba. Kufukuzwa na mbwa tu, hata bila kuumwa, kunatosha kuwafanya wapoteze mimba. Kumwachia mbwa asumbue mifugo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1953, na katika mazingira fulani mkulima anaweza kumpiga mbwa risasi na sheria ikamkinga. Kwa hiyo mbwa awe kwenye kamba kabla hujafungua lango. Ukikuta ng'ombe nao wakakufuata kwa kasi, achia kamba, kwa sababu mbwa atawakimbia na wewe utafika kwenye uzio salama.

Kijia kikiwa hakipitiki, rudi ulikotoka badala ya kupita katikati ya ngano changa. Buti la mpira likinasa, usivute kwa nguvu kwenda juu. Inua kisigino kwanza huku ukizungusha mguu polepole ili hewa iingie chini yake. Desemba jua la Sussex huzama karibu na saa kumi alasiri, na ndani ya msitu giza hutangulia, kwa hiyo anza safari mapema ili saa nane uwe umekwisha kugeuka kurudi.

Mbwa akianguka ndani ya bwawa lililoganda, usimfuate, kwa sababu barafu iliyovunjika chini ya mbwa haitakubeba wewe. Lala ukingoni, mwite kwa sauti kuelekea mahali alipoingilia, na upige 999 uombe kikosi cha zimamoto. Mbwa wengi hutoka wenyewe wakiitwa. Akitoka, mkaushe, mfunike, na umpeleke kliniki hata kama anachezacheza, kwani maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.